Kifungo cha Pili Kutoka Juu

Tarehe 6 Mei

Kwa Mkutubi Mkuu, au yeyote anayefungua barua hapo,

Acheni kutafuta. Aliyeandika *Pindo la Ndani* ni mimi. Nilikiandika kwa wiki mbili bila kufuta neno, na wakati huo huo nilikuwa nafanya kazi ya mchana na kuota nundu ya mgongo.

Tangazo lenu nimelipata limefungia sabuni. Mwenye duka hapa jirani hufunga bidhaa kwa gazeti lililolala, nami nikaanza kusoma nikiwa bado bafuni, povu mpaka masikioni. Mnasema mna kitabu kidogo chenye jalada la kijani na kurasa sitini na nne. Hakina jina la mwandishi, hakina mwaka, na mwenyewe asipopatikana kabla ya mwisho wa Julai mtakifungia. Halafu mkakiita kitabu yatima. Neno hilo lilinichoma kuliko ile sabuni machoni. Yatima kivipi? Nani kamzika mama yake? Mlihudhuria?

Basi andikeni kwenye daftari lenu kwamba mwandishi kapatikana. Ni mzee, meno anayo kumi na moja, na bado mtanashati akitazamwa kwa mbali. Naishi nyumba ya mwisho nyuma ya karakana ya baiskeli. Simu ninayo, lakini siku hizi inasikia yenyewe tu, mimi hainisikilizishi. Niandikieni.

Ndimi,
Kidole Cheusi


Tarehe 14 Mei

Mzee Kidole Cheusi,

Shikamoo. Barua yako imefika kwenye Chumba cha Skani, nami ndiye ninayeshughulikia kitabu hicho.

Nikuambie ukweli, wewe ni mtu wa tano kudai. Wa kwanza alisema ni kitabu cha kufundisha ushonaji. Wa pili alitaka kujua kwanza kina hadithi ngapi ndipo akumbuke. Kwa hiyo usinichukie nikikuuliza maswali.

Tumepiga picha maelfu ya vitabu ili watu wavisome kwenye mtandao. Kati ya hivyo, mia nne na kumi na viwili hatujui ni vya nani. Sheria inataka tumtafute mwenye haki kwa bidii, tuandike kila mlango tuliogonga, ndipo kamati iamue. Kwa *Pindo la Ndani* nimegonga yote. Kiwanda kilichokichapa kilifungwa zamani na daftari zake ziliharibiwa na maji. Daftari la hakimiliki halikitaji. Nakala tuliyo nayo ni hii moja, iliokotwa kwenye sanduku la mtu aliyehama, na karatasi zake zinavunjika kama mkate wa juzi. Bila ruhusa ya mwenyewe tutazihifadhi picha zake ndani ya mashine, lakini hakuna msomaji atakayeruhusiwa kuzifungua. Nimekisoma mara nne, na sipendi kitu kama hicho kilale gizani.

Swali langu ni moja. Hadithi ya mwisho inahusu nini?

Wako katika kazi,
Mkutubi, Chumba cha Skani


Tarehe 21 Mei

Binti yangu Mkutubi,

Marahaba. Umenikamata mkia. Sijui hadithi ya mwisho inahusu nini. Wala ya kwanza, wala ya katikati.

Sikukiandika mimi. Shule nilifika darasa la nne, la tano nililiona paa lake tu. Lakini usiitupe barua hii, maana hao wengine wanne walidanganya mia kwa mia, na mimi nimedanganya nusu. Kila herufi ya kitabu hicho imepita kwenye vidole hivi. Nilikuwa mpanga herufi pale kiwandani. Kabla ya mashine zenu za kubofya, kitabu kilipangwa kwa herufi za madini ya risasi, moja moja. Unazichomoa kwenye kasha na kuzisimamisha mstari kwa mstari, na zote zimegeuka kinyume ili zikigusa karatasi zisomeke sawa. Ndiyo maana vidole vyangu vikawa vyeusi, na jina likanikaa.

Utaniuliza, mtu apange kitabu kizima asijue kinasema nini? Mwanangu, mpanga herufi hasomi. Anamwona *k*, anamtafuta *k*. Anamwona *i*, anamtafuta *i*. Neno likikamilika yeye yuko kwenye neno jingine. Nimepanga kitabu cha ugonjwa wa ng'ombe, kamuulize ng'ombe kama niliwahi kumtibu.

Mwenyewe alikuwa binti wa chumba cha ushonaji cha hospitali kubwa, wale wanaotia viraka mashuka na kurekebisha nguo za wagonjwa. Aliandika nyuma ya karatasi za kukatia mitindo, zile za kahawia, kwa hati nzuri iliyolala upande mmoja kama nyasi zenye upepo. Alikuja kiwandani mara saba. Nazijua ni saba. Miaka arobaini na sita imepita, na kuna vitu vingi nimesahau, pamoja na mahali nilipoweka miwani asubuhi ya leo, lakini saba ni saba.

Jina lake halikutokea kitabuni kwa sababu ya ajali. Herufi zilidondoka. Mambo ya chapa hayo, usiyachunguze sana.

Wako,
Kidole Cheusi (mpanga herufi mstaafu, mwandishi wa uongo)


Tarehe 2 Juni

Mzee wangu,

Nimecheka mpaka mwenzangu wa meza ya pili akauliza kama nimepandishwa cheo. Asante kwa nusu ya ukweli. Sasa nataka nusu ya pili.

Nimekitoa kitabu kwenye kasha lake nikaufungua ukurasa wa kwanza. Pale juu pana jina la kitabu. Chini kabisa pana nembo ya kiwanda. Katikati pana nafasi nyeupe, nami nimeipima kwa rula. Ni upana wa mstari mmoja kamili, umenyooka, hauna hata kovu. Nimetazama vitabu vingine kumi na vitatu vya kiwanda hicho hicho na hakuna chenye nafasi ya namna hiyo. Mimi si mtu wa chapa, lakini mstari ulioanguka wenyewe sidhani ungeacha nafasi nadhifu hivyo.

Pili, umenieleza hati yake, karatasi zake na mara alizokuja, lakini jina lake hukulitaja. Mzee, bila jina siwezi kumtafuta. Kamati inakaa tarehe thelathini Julai. Wewe ndiye mtu pekee duniani ninayemjua aliyewahi kumwona mwandishi huyu. Ukinyamaza, tumefunga.

Unamficha nani, yeye au wewe?

Nakuheshimu,
Mkutubi


Tarehe 9 Juni

Binti yangu mwenye rula,

Wewe ulipaswa kuwa polisi. Haya, kaa.

Kuna sheria moja ya chapa ambayo hata mlevi wa kiwandani aliiheshimu. Kabla mashine haijaanza, mwandishi hupewa nakala ya kusahihishia. Akishatia sahihi yake, hata koma haiguswi. Tajiri wetu, tuliyemwita Bwana Miwani, alikuwa akisema aliyetia sahihi amefunga mlango, na atakayeufungua ni mwizi.

Yule binti mshonaji alitia sahihi siku ile ya saba. Akaleta na ukurasa mmoja wa mwisho, akasema umechelewa, niuongeze. Akanipa mkononi. Mimi nilikuwa namtazama aliyeleta, sikutazama alicholeta. Akaaga. Alipofika mlangoni nikaona kwamba hana sababu tena ya kurudi. Kitabu kimekwisha, atakuja mjumbe wa hospitali kuchukua maboksi, na mimi nitabaki na kasha la herufi.

Ukurasa wake niliupanga alasiri ile ile. Kisha, shetani na ujana wakinisukuma, mmoja huku mmoja kule, nikauchomoa mstari wenye jina lake. Nikajaza nafasi kwa vipande vitupu ili mengine yasilegee. Ndiyo maana umeiona nadhifu. Nilikuwa fundi mzuri, hata kwenye wizi.

Hesabu yangu ilikuwa hivi. Atafungua kitabu, ataona jina halipo, atawaka moto. Atakuja mbio kiwandani kunigombeza. Naye akigomba nitamwomba radhi, nitamwonyesha jina lake nimelihifadhi, tutachapa upya ukurasa ule, atacheka, nami nitasema nililoshindwa kusema mara saba. Nilinyoa ndevu kila asubuhi kwa wiki sita. Bwana Miwani akadhani naomba kazi benki.

Hakuja.

Baadaye nikasikia amehama kazi. Nikaona aibu kumfuata. Nimwambie nini? Samahani, nilikuibia jina ili nikuone? Siku zikawa miaka. Nikaoa mwanamke mwema, tukaishi, na nimemzika mwaka wa sita huu. Mstari ule sikuwahi kuurudisha kwenye kasha. Kiwanda kilipungukiwa na herufi kubwa kadhaa mpaka kinafungwa, na Bwana Miwani alilaumu panya. Upo kabatini kwangu, umefungwa uzi. Marehemu mke wangu alikuwa akiupangusa vumbi. Siku moja aliniuliza, nikamwambia yote. Alicheka, kisha akasema, “Mrudishie mwenyewe, mume wangu, usije ukafa na kitu cha watu.”

Nimeupaka wino na kuubonyeza hapa chini. Ndilo jina lake. Mtafute kwenye orodha za wastaafu wa hospitali. Nakuomba jambo moja, usimwambie ni nani kalitoa. Mwambie herufi zilidondoka.

Na ukipata nafasi, niambie hiyo hadithi ya mwisho inasemaje. Sikuwahi kupata nakala. Bwana Miwani hakuwapa wafanyakazi, alisema tutafungia vitumbua.

Kidole Cheusi


Tarehe 3 Julai

Mzee wangu,

Nimempata. Nakuandikia nikiwa ndani ya basi, kwa hiyo usishangae mwandiko.

Jina ulilobonyeza lilisomeka vizuri sana. Ofisi ya wastaafu walinizungusha siku nne, kisha karani mmoja akasema, “Huyu si yule bibi wa mashuka?” Anaishi mji wa jirani, saa tatu kwa basi, kwa binti yake ambaye ni muuguzi. Mume wake alifariki zamani. Macho yamepofuka kwa ugonjwa. Anaona mwanga na giza, basi. Lakini amekaa wima kama mtu aliyemeza rula yangu.

Nilimwambia tuna kitabu chake. Akaomba kukishika, nami nilikuwa nimebeba picha za karatasi tu, akazipapasa akazirudisha. Nikaeleza habari ya ruhusa, kwamba akitia sahihi watu wote watakisoma, na jina lake litawekwa.

Akakataa.

Akasema, namnukuu, “Kiacheni kiwe yatima. Kitabu hicho nilikiandika nikiwa na swali ndani yake, na mwenye kuulizwa alishanijibu. Alinijibu kwa kulifuta jina langu. Sasa mnataka nisomwe na dunia nzima nilivyokataliwa?”

Nikasema kama ulivyoniagiza, kwamba herufi zilidondoka. Akanicheka. “Binti, mimi ni fundi. Najua tofauti ya mshono uliofumuka na mshono uliofumuliwa.”

Mzee, sikuelewa ana maana gani mpaka nilipokaa kwenye basi nikaisoma hadithi ya mwisho mara ya tano, safari hii nikiwa nakujua wewe. Nimeinakili kwa mkono hapa nyuma. Soma ukiwa umekaa.

*“Kuna kijana shati lake halina kifungo cha pili kutoka juu. Akinisalimu huweka mkono kifuani, na watu hudhani ni adabu. Mimi najua anaficha tundu. Mkono wenyewe una wino mpaka kwenye kucha, na kila mara huacha alama nyeusi pale pale, upande wa moyo. Nguo za wagonjwa nazishona bila kuombwa, maana mgonjwa hana nguvu ya kuomba. Huyu si mgonjwa. Kifungo chake ninacho, nimekichagua mwenyewe, nimekitia kwenye kibati cha sindano. Lakini sitamkimbiza barabarani na sindano kama mwendawazimu. Akija mwenyewe akasema, nishonee, nitamshonea, na uzi nitaukata kwa meno.”*

Ndiyo hadithi nzima. Ni ukurasa mmoja.

Zimebaki siku ishirini na saba. Mimi nimegonga mlango mpaka mwisho wa ngumi zangu.

Mkutubi


Tarehe 8 Julai

Binti yangu,

Nilisoma nimesimama. Sikukutii, nimeadhibiwa.

Niliipanga mimi hiyo. Kwa vidole hivi. Nilimtafuta *k*, nikamtafuta *i*, nikamtafuta *f*. Kifungo changu kilipita mkononi mwangu herufi moja moja na sikukiona. Alinipa mkononi, Mkutubi. Alisimama pale akasubiri kidogo kabla hajaaga, nami nikadhani anasubiri risiti.

Sina utani leo.

Barua iliyo ndani ni yake. Msomee wewe, na usiruke mahali hata ukiona haya. Kwenye kibahasha kidogo nimeuweka ule mstari. Usiufungue uzi, herufi zitatawanyika. Mwekee kiganjani.

Kidole Cheusi


Tarehe 8 Julai

Bibie wa chumba cha ushonaji,

Natumai bado unamkumbuka kijana wa kiwandani aliyekuwa akikuambia kila ulipokuja kwamba mashine imeharibika ili ukae kidogo. Mashine haikuwahi kuharibika. Tuanzie hapo kwenye kutubu, kisha tupande.

Jina lako nililitoa mimi. Herufi hazikudondoka. Nililitoa baada ya wewe kutia sahihi, na huo ni wizi hata kwa sheria zetu. Lakini sikulitoa kukujibu, kwa sababu sikujua umeuliza. Sikuisoma hadithi yako ya mwisho. Niliipanga tu. Nimeisoma jana, tarehe saba, mbele ya karakana ya baiskeli, na fundi wa hapo akanipa kiti.

Utasema ni uongo, nani apange ukurasa asiusome? Uliza mpanga herufi yeyote aliye hai, kama wamebaki. Sisi tuliviona vitabu kichwa chini miguu juu. Tajiri alitukataza kusoma, alisema anayesoma hupunguza mwendo. Mara moja tu maishani nilitakiwa nipunguze mwendo, na siku hiyo nilikuwa na haraka, kwa sababu nilitaka nimalize nikaibe jina.

Nililitoa ili urudi kunigombeza. Hiyo ndiyo sababu, na sina ya kuipamba. Nilikungoja ukiwa na hasira. Kumbe na wewe ulikuwa unaningoja nikiwa na adabu. Kila mmoja kasimama kwenye mlango wake, anamlaani mwenzake kwa kuchelewa.

Mstari huu ndio jina lako. Nimeuweka miaka yote hii. Mke wangu aliujua, akaupangusa, na aliniambia nikurudishie. Nimechelewa kumtii yeye pia.

Kitabu kisilipie kosa langu. Mimi ndiye niliyekifanya kiwe yatima wakati mama yake yu hai. Huyo binti wa maktaba amekisoma mara tano na analia kwenye mabasi ya watu. Kiruhusu kisomwe, na jina likae mahali pake. Mimi usinisamehe kama hutaki. Nimezoea.

Kidole Cheusi


Tarehe 19 Julai

Wewe Kidole,

Anaandika huyu Mkutubi, mimi nasema. Nimemwambia aandike kama ninavyosema, asinipigie pasi maneno.

Ameweka kitu chako kiganjani mwangu. Nikakipapasa. Nikamuuliza binti yangu, “Hiki nini, mbona kizito?” Nikaanza kuhesabu herufi kwa kidole. Ya kwanza sikuielewa, ya pili sikuielewa, kisha nikakumbuka ulivyonieleza siku ile kwamba zenu husimama kinyume. Nikaanza tena kutoka mwisho. Nikalipata. Miaka sita sijasoma neno kwa macho, na neno la kwanza kulisoma tena ni jina langu, kutoka kabatini kwako. Sikujua kama jina langu lina uzito huo.

Barua yako nimesomewa mara mbili. Mara ya kwanza nilisema, mzee huyu mwongo hajabadilika. Mara ya pili nikamwambia anirudie pale pa haraka.

Sikiliza. Mimi kitabu kile kilipofika, nilifungua ukurasa wa kwanza nikaona peupe. Nikasema, haya, amesoma na amejibu. Sikumwambia mtu. Nakala zangu nikazigawa wodini bila kusema ni za nani. Wagonjwa wakasoma, mmoja akaniuliza, “Dada, huyu aliyeandika ni nani?” nikamwambia sijui. Hilo, Kidole, ndilo lililoniuma. Nilimkana mtoto wangu mbele ya watu kwa sababu ya shati lako.

Ruhusa nimetoa. Nimetia dole, maana sahihi yangu siku hizi hupanda mpaka ukutani. Sharti langu ni moja. Jina lirudi pale palipo peupe, ukubwa ule ule. Wasiligeuze kuwa hati za mapambo. Walipige picha kutoka kwenye huu mstari, kisha mstari wanirudishie mimi. Ni wangu.

Kitabu nimekikubali. Wewe sijasema kitu.

Na usiniletee tena kurasa nyingi. Umezeeka, nami nimezeeka. Sema unachotaka kwa mstari mmoja.

Mshonaji


*(Mzee, haya ya chini naongeza mimi, sikuambiwa. Kamati imepokea karatasi, kitabu kimetoka kwenye orodha ya yatima, wamebaki mia nne na kumi na mmoja. Nilipokuwa naaga, alinyoosha mkono kwenye rafu nyuma ya kiti chake, akachukua kibati cha zamani kilichoota kutu kwenye kona. Hakukifungua. Alikitikisa karibu na sikio, akasikiliza, akakirudisha. — Mkutubi)*


Tarehe 25 Julai

Bibie,

Umesema mstari mmoja, na mimi hata salamu yangu ni mistari mitatu. Nivumilie mara ya mwisho.

Nimefurahi kwa ajili ya kitabu. Mkutubi ameniletea picha ya ukurasa wa kwanza, jina lako limekaa pale pale. Nimelitazama sana, limesimama sawa, halijageuka. Nimeibandika ukutani juu ya kabati, na kabati lenyewe limekuwa jepesi, nasikia linapumua.

Yule mgonjwa wa wodini, kama yu hai, sasa atajua.

Mstari utakurudia. Sikudai. Wala wiki sita za kunyoa ndevu sikudai, ingawa wembe wa siku zile ulikuwa msumeno. Lakini kuna kitu kimoja ambacho wewe mwenyewe ulikiandika, kikachapwa, na mimi ndiye shahidi kwa sababu nilikipanga. Na sasa dunia nzima itakisoma, kwa hiyo usije ukanikana.

Shati lipo. Rangi imekimbia, kola imegeuzwa mara mbili, na mwilini sasa linanipwaya kama nimeliazima kwa mtu mnene. Marehemu mke wangu alitaka kulikata liwe tambara la kufutia vyombo, nikamwambia lile lina kasoro bado. Tundu lipo pale pale.

Najua macho hayapo. Wewe ulijua kunisoma kabla sijafungua mdomo, na tundu hili utalipata kwa kidole. Nitatunga uzi sindanoni mimi, ingawa na mimi miwani sijui nimeiweka wapi, tutatunga hivyo hivyo mpaka tupate.

Jumamosi nitapanda basi la saa nne asubuhi. Binti yako akifungua mlango akaona mzee ameweka mkono kifuani, mwambie si ugonjwa wa moyo.

Huu hapa mstari wako mmoja.

Nishonee.

Kidole Cheusi